Theluthi ya Lupango

Nikimsikia mtu akisema mjane fulani ana bahati kwa sababu ameachiwa walau kitu, hadi leo damu inanichemka. Huwa nauliza: bahati gani ya kuachiwa kilicho chako?

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nimetoka kwetu Tanzania nikapita Kalemie, Lubumbashi, Lusaka na Harare, na katika kila mji nilikuwa nikiukumbuka ule niliouacha. Siku tano za juma nilipakia makopo ya rangi kwenye ghala moja kule Mobeni. Kulala nililala katikati ya mji, ghorofa ya nne, kwa mume na mke kutoka Lubumbashi walionipangisha upande wa pili wa pazia. Mume alilinda magari ya watu maegeshoni. Mke alisuka nywele saluni. Alikuwa amezaa mapacha, nao walikuwa Lubumbashi kwa bibi yao, kwa hiyo sote tulimwita Mama Mapacha.

Kila walichobakiza kilikwenda kwenye lupango lao, yaani kiwanja walichokizungushia ukuta kule kwao, na nyumba iliyokuwa inapanda ndani yake. Nasema "walichobakiza", lakini mume aliugua karibu miaka miwili kabla ya kufa, na magari hayalindwi na mtu aliyelala. Mabati ya nyumba ile yalitoka kwenye vidole vya mke. Nilimwona jioni akivilowesha kwenye maji ya chumvi, vimevimba, huku akimweleza mumewe kwamba safari hii wamefikia madirisha.

Mume alipofariki, mdogo wake alikuja na basi kutoka Johannesburg kuongoza kilio. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, na alimwita mjane "yaya", kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Sikumchukia siku ile. Chuki ilikuja baadaye.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mjane anakaa chini, juu ya godoro, siku arobaini. Vitu vya marehemu vinakusanywa kwenye sanduku moja, na ufunguo unakaa kwa ndugu wa mume. Siku ya arobaini ukoo unafungua sanduku na kugawana. Halafu dada wa marehemu wanamshika mjane mikono, wanamwinua, wanamwogesha, wanamvika kitenge kipya, na watu wanakula. Mpaka ainuliwe, kilio hakijaisha, na ndugu wa marehemu hawezi kuondoka na kusema amemaliza kazi.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hajaombwa na mtu, Mama Mapacha alitoa bahasha ya karatasi za lupango chini ya nguo zake, akaiweka mwenyewe ndani ya sanduku, juu ya mashati ya mumewe. Nilimuuliza kwa nini.

"Iko kitu ya marehemu pia," alisema. "Nikiificha, batasema nilimuua juu ya lupango."

Kwa hiyo alifunga sanduku na kumpa shemeji yake ufunguo. Juma la tatu shemeji alipiga simu kutoka Johannesburg, kwenye duka la simu lililokuwa chini ya jengo letu, nikaitwa mimi nipokee kwa kuwa mjane haruhusiwi kushuka. Aliniambia nimfikishie habari: amepata mnunuzi wa lupango. Siku ya arobaini atachukua karatasi. Yaya atarudi kwa wazazi wake, au akipenda, ukoo utamtafutia mwanaume ndani ya ukoo. Alisema hivyo kwa upole, kama anayetoa zawadi mbili ili mtu achague.

Nilipomfikishia, Mama Mapacha alikunja tu miguu yake juu ya godoro. Mimi ndiye niliyepiga teke ndoo.

Jumamosi nilikuwa nikifanya bustani Morningside, mtaa wa mlimani, kwa bibi mmoja Mwingereza aliyewahi kufundisha historia. Alikuwa mpole na mwenye maneno mengi, na meza yake ya barazani ilijaa karatasi. Jumamosi ile aliniona ninakata ua wa miti kama ninapigana nao, akanipa chai na kuniuliza nina nini. Nikamweleza. Akatabasamu, akasema ajabu, ndicho anachoandika: wajane wa Uingereza wa karne ya kumi na tatu.

Akanisimulia habari ya mmoja wao. Mumewe alikufa, na mtoto wa mke wa kwanza akataka kumtoa nyumbani. Lakini sheria ya mfalme ilisema mjane akae katika nyumba ya mumewe siku arobaini bila kuguswa, na ndani ya siku hizo apimiwe fungu lake la ardhi. Kijana alichelewesha makusudi. Mama yule akaenda mbele ya majaji na majirani zake kama mashahidi, akapewa theluthi: theluthi ya shamba la shayiri, theluthi ya miti ya matunda, theluthi ya mapato ya kinu, na njia ya kupita kwenda kwenye tanuri la mikate. Akifa, vyote vinarudi kwa kijana.

"Arobaini?" niliuliza.

"Arobaini," alisema. "Kwa wakati ule, lilikuwa jambo kubwa."

Nilishuka mlima kwa miguu, sikupanda taksi, kwa hasira. Hasira yangu ilikuwa kwamba hata wale, na wafalme wao na panga zao, walikuwa na siku arobaini za kumlinda mjane, na sisi arobaini yetu ilikuwa ya kumkalisha chini hadi wenye ufunguo wajipange. Nilipofika nilimsimulia Mama Mapacha yote, mpaka tanuri la mikate. Nilitaka apate hasira kama yangu.

Alinisikiliza, halafu akauliza, "Theluthi ni ngapi?"

"Fungu moja katika matatu."

Akahesabu kwa vidole. "Lupango iko na vyumba sita. Basi ni viwili. Vile vya nyuma." Akavikunja vidole. "Alipewa kweli, ule mama?"

"Alipewa."

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja. Wanawake walijaa jikoni, wazee wawili wa jumuiya wakakaa kwenye viti, na dada wawili wa marehemu walikuwa wamekuja na mdogo wao. Sanduku likafunguliwa. Mashati yakagawanywa, viatu, saa. Shemeji akachukua bahasha, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Alifanya haraka, ungedhani anaweka leso.

Nilisema. Nilisema nyumba ile ilijengwa na mkono wa mwanamke, na mimi ni shahidi, nimeishi humu.

Shemeji hakupandisha sauti. "Wee Mutanzania, uko mupangaji. Mupangaji hasemake ku kilio ya wenyewe." Watu wakacheka kidogo, na mzee mmoja akaniambia nikae.

Dada zake wakaja kumwinua mjane. Wakamshika mikono. Hakuinuka.

"Yaya, simama."

"Sisimami."

Wakadhani amekufa ganzi, wakamvuta tena. Akajikaza chini kama gunia la mchele.

"Nilikaa chini siku zote mulisema," alisema, bila kuwatazama. "Nitakaa zingine. Mimi siko na haraka. Munipe vyumba viwili vya nyuma, kwa karatasi, mbele ya hawa bazee. Bila hiyo, kilio haitaisha."

"Hiyo sheria ya wapi?" shemeji aliuliza.

"Ya bajane."

Shemeji alitazama saa yake. Basi lake lilikuwa linaondoka saa kumi. Akawageukia wazee, na wazee wakaangalia sakafu, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuona mjane akikataa kuinuliwa, na hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyemwacha marehemu na kilio kisichokwisha. Dada mkubwa wa marehemu akaanza kulia kwa hofu. Mwanamke mmoja mnene akatokea jikoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Shemeji, bukari inapoa," alisema. "Wewe uko na basi, sisi tuko na njaa. Andika, tukule."

"Na weka sahihi," mwingine akadakia kutoka nyuma, "sababu basi haingojake muchoyo."

Wakacheka, safari hii si mimi waliyemcheka. Shemeji akaandika. Vyumba viwili vya nyuma, na njia ya kupita hadi kisimani. Wazee wakatia sahihi. Vyumba vinne vya mbele, mlango mkubwa wa chuma, uwanja wote na ile bahasha vilibaki kwenye koti lake.

Mama Mapacha akasoma karatasi polepole, akaikunja, akanyoosha mikono yake ili ainuliwe. Akaogeshwa. Alipotoka amevaa kitenge kipya, alipiga goti mbele ya shemeji yake, akasema asante.

Halafu alikuja hadi kwenye pazia langu na sahani ya bukari na samaki. "Asante, ndugu," aliniambia. "Kama si ule mama yako wa Uingereza, nisingejua hata kuomba."

Uso wake ulikuwa umetulia. Sikuweza kula. Mwanamke huyu alilijenga lupango zima, na katika siku zote arobaini hakuna aliyemwambia aombe lupango zima. Hata mimi. Mimi nilishuka na hasira yangu yote kutoka Morningside nikamletea theluthi, na yeye, aliyeniamini, ndiyo aliyoiomba.