Karani Aliyeogopa Nafasi Wazi

Karani amekufa. Taarifa ilinikuta Nanganga nimekwenda kutazama ufuta wangu. Jirani akanipigia simu: "Mzee, yule bwana wa vitabu vya vizazi hatunaye." Nikasema Mungu ampumzishe, kisha nikarudi kwenye ufuta. Wasomaji wangu mnanijua, kulia kwa adabu sijui. Huyu bwana nilimjengea nyumba yake pale Nachingwea kwa mikono hii, tukanywa chai pamoja miaka mingi, na bado nitasema lile ambalo wasoma rambirambi walilimeza.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kunakili vitabu vya zamani vya vizazi, vile vya kalamu ya wino, na kuviingiza kwenye kompyuta. Kurasa nyingine zililiwa na mchwa, nyingine wino umefifia, na mahali pengine mwandishi wa kale hakuandika kitu kabisa. Maagizo yalikuwa mepesi hata kwangu mimi niliyeishia darasa la nne: kisichosomeka, andika hakisomeki, palipo wazi, acha wazi. Yeye hakuweza. Nafasi wazi ilimwasha kama upupu. Akimaliza ukurasa ananyoosha mgongo na kunitambia, "Fundi, kitabu changu hakina pengo hata moja." Nikamwambia mimi nikikuta ukuta una ufa, siupaki chokaa halafu nikamkabidhi mwenye nyumba funguo. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya matofali.

Sasa sikilizeni alichomfanyia mama mmoja wa Malolo. Enzi hizo huku kwetu mtoto alihesabiwa wa ukoo wa mama. Mama huyo alipozaliwa, baba yake alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo aliyekwenda kutoa taarifa ni mjomba. Mwandishi wa kale akaandika jina la mzazi wa kike, akaandika jina la mjomba kama mtoa taarifa, na pa baba akaacha wazi. Basi. Karani wetu alipofika hapo akaona mwanamume mmoja tu kwenye mstari, akamchukua akampachika pa baba. Wala hakuwa mgeni wa desturi zetu. Yeye mwenyewe alilelewa na kusomeshwa na mjomba wake. Alijua vizuri kabisa. Ila pengo lilimkera kuliko uongo.

Baba mzazi wa mama huyo alipofariki, binti akaenda kudai sehemu yake ya mikorosho. Ndugu zake, watoto wa mke mwingine, wakamtaka alete cheti cha kuzaliwa, nacho kikachapwa kutoka kwenye kompyuta ya karani. Alipokileta wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Dada, hapa umepotea njia! Karatasi yako inasema baba yako ni kaka wa mama yako. Nenda kwa mjomba ukadai!" Shauri lilipofika barazani, cheti kikasomwa kwa sauti. Shamba likaenda. Na sokoni Ruangwa wakaanza kunong'ona kwamba mama yake, mtu aliyekwisha zikwa na hawezi kujitetea, alizaa na kaka yake wa tumbo moja.

Nilimpeleka mwenyewe kwa karani. Hakuomba makubwa. "Baba, sikuombi uniandikie jina la mtu. Nirudishie tu palipokuwa wazi."

"Mama yangu, pakiwa wazi unaonekana kama hukuzaliwa na mwanamume. Mimi nilikusitiri."

"Umenisitiri kwa kumvua nguo mama yangu?"

Karani alinigeukia mimi, akaniuliza bati za uani nitamalizia lini. Na hakusahihisha mpaka anaingia kaburini, kwa sababu kusahihisha ni kukiri.

Mazishini nilikwenda hata hivyo, na mama yule alikuja, amejifunga kanga mpya. Nikadhani amekuja kusamehe. Mchoraji alikuwa amechuchumaa mbele ya msalaba na brashi yake, akauliza, "Mzee kazaliwa mwaka gani?" Watoto wa marehemu wakatazamana. Mmoja akataja mwaka wake, mwingine akataja wake, dada yao akasema baba hakuwahi kuwaambia. Nikasema paacheni wazi. Hapo mama wa Malolo akafungua mdomo, taratibu, na kila mtu akasikia: "Jazeni tu, wanangu. Marehemu hakupenda pengo."

Mchoraji akaandika mwaka uliomjia kichwani. Hakuna aliyebisha.

Nyinyi vijana mliorithi meza yake na kompyuta yake, mtanisamehe, sikusoma kama nyinyi. Lakini nimejenga nyumba za kutosha kujua kwamba mlango uliouacha bila kuuziba, mwenye nyumba atakuja kupita. Penye wazi, mwenyewe anaweza kutokea siku moja na mashahidi wake, akasema hapa liandikwe jina la baba yangu. Ukishajaza la kwako, akija anakuta pamekaliwa. Msalaba wa karani unang'aa kwa rangi mpya na mwaka usio wake, na korosho za Malolo msimu huu wameokota wale waliocheka.