Profesa Aliona Kulia, Mimi Niliona Kushoto

Jamani, mshawahi kugombana na mtu mzima kuhusu kulia na kushoto?

Mimi nimegombana. Tena na profesa wangu, asubuhi kweupe, huku mkewe akisikiliza.

Kazi yangu ni mwanga uliosokotwa. Usicheke. Mwanga unaweza kusokotwa kama kamba. Ukiuchanganya na mwanga wa kawaida, ukutani panatokea mchoro wenye mikono inayojikunja kama gamba la konokono. Ukihesabu mikono unajua umesokotwa mara ngapi. Ukitazama inakojikunja, unajua umesokotewa upande gani.

Wa kwangu ulitakiwa uwe na mikono mitatu, ujikunje kushoto. Mwanga ukikataa, profesa hasaini, sitetei tasnifu, narudia mwaka. Na mdogo wangu, niliyemfundisha kuhesabu kwa vidole, ameshahitimu zamani. Nyumbani wananiita "mwanafunzi wa kudumu".

Profesa alikuwa kwao, mguu kwenye plasta. Tukakubaliana aone jaribio kwa video.

Nikafunga mapazia, nikaelekeza kamera ya kompyuta ukutani, nikachuchumaa mbele yake ili nione skrini. Ukuta nikaupa mgongo.

Mchoro ukatokea. Mikono mitatu, kushoto! Nilitaka kulia kwa furaha.

"Profesa, umeona? Kushoto!"

"Binti, hiyo ni kulia."

"Kushoto, profesa."

"Kulia! Hebu niambie, mkono unaoandikia ni upi?"

"Wa kushoto."

"Ndiyo maana!"

Nikapandwa na hasira. Nikamwita mwenzangu wa maabara, tunamwita Miwani. Akachuchumaa pembeni yangu, akakodolea skrini.

"Kushoto, tena bila ubishi," akasema.

Profesa naye akamwita mkewe. Mama wa watu akaja na mwiko mkononi.

"Mwanangu, hiyo inaenda kulia. Umekula lakini?"

Nikasema moyoni, nyumba nzima hii inahitaji daktari wa macho.

"Sitasaini," profesa akatamka. "Mtu asiyejua kulia na kushoto hawezi kutetea chochote."

Nikainuka nikafungue pazia, nimalizie kilio changu kwenye mwanga wa kawaida. Njiani nikautazama ukuta wenyewe.

Kulia.

Nikaangalia skrini. Kushoto. Ukuta, kulia!

Kumbe kompyuta hukuonyesha picha yako iliyogeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo, lakini humpelekea mwenzako ile halisi. Watu wawili tunaosomea mwanga, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Sasa umekubali?" profesa akauliza, sauti imejaa ushindi.

Nilikubali, lakini roho ilikataa. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Basi nani kaugeuza mwanga?

Mwanga wa namna hii ukigonga kioo, hubadili upande. Vioo viwili, unarudi ulivyokuwa. Mezani kwangu huwa niko na viwili. Nikaufuata mwanga hatua kwa hatua.

Vitatu.

"Profesa, kuna kioo kwenye kona sikukiweka mimi."

Profesa akaanza kuikuna plasta yake.

"Profesa?"

"Hicho... nilikiweka kabla sijaumia. Nilitaka mwanga uzunguke, upishe birika langu la chai."

Nikasikia mwiko ukianguka. Mkewe alikuwa anacheka mpaka anashikilia ukuta.

"Umemtesa mtoto wa watu kwa ajili ya birika?"

Niliondoa birika, nikaondoa kioo, nikaunyoosha mwanga upya. Skrini yangu ikaonyesha kulia. Sikuijali. Niligeuka nikatazama ukuta.

"Unaona nini, profesa?"

Akakohoa kidogo.

"Kushoto."

Alisaini siku hiyo hiyo. Nikatetea, nikapita.

Ndugu zangu, mkibishana na mtu, kabla hamjaitana vipofu, geuzeni shingo mkatazame kitu chenyewe.

Na kama mbishi huyo ndiye anayekusainia, mkubalie kwanza. Halafu kahesabu vioo.