Alichokitaka Cirimwami

Tangu mifupa ya mume wake ianze kuuma, Nsimire alikuwa amesahau kukaa. Kiti cha cherehani yake, pale barazani kwao Keshero, mjini Goma, kilikaliwa na paka. Yeye mara jikoni, mara dirishani, mara barabarani kuangalia kama pikipiki iliyotumwa dawa inarudi, na sare za watoto wa watu zilirundikana hazina mikono wala kola. Majirani walidhani ni wingi wa kazi. Haikuwa kazi. Aliogopa kwamba akitulia tu, lile jambo litamkuta ametulia.

Mume wake, Cirimwami, mzaliwa wa Kabare, upande wa Bukavu, alikuwa fundi wa mota za boti. Boti ikizimika katikati ya ziwa, simu ilikuwa kwake, naye alikwenda hata kama mawimbi yamechafuka. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kugomba. Kiuno kilipoanza kumsumbua walisema ni uzito wa mota, wakampaka kila aina ya mafuta. Walipofika hospitali, kansa ya tezi dume ilikuwa imekwisha kuingia mifupani. Sindano zilimtuliza mwaka na zaidi. Kisha zikaacha kufanya kazi.

Ndipo Daktari Rosine, mwanamke kijana asiyezunguka maneno, alipowaita. Walikwenda watatu: mgonjwa, Nsimire, na Nshobole, dada mkubwa wa Cirimwami, aliyekuwa amevuka na boti kutoka Bukavu. Huyu Nshobole ndiye aliyemlea Cirimwami mama yao alipofariki. Hakuna neno la ukoo lililopita bila yeye.

"Papa Cirimwami," daktari alisema, "dawa tulizo nazo haziwezi tena kuuzuia huu ugonjwa. Maumivu ninaweza kuyatuliza. Kuna dawa nyingine kali, ng'ambo ya mpaka. Pengine itakuongezea miezi, pengine itakuchosha bure. Nataka nikuulize wewe mwenyewe: unataka tufanye nini?"

Nshobole alijongeza kiti chake mbele. "Docta, maneno ya hivi hawaambiake mugonjwa. Utatuambia sisi, kule inje."

"Yaya, acha aniambie," Cirimwami alimwambia dada yake. "Uyu mwili ni wangu." Akamgeukia daktari. "Sitaki kuvuka mpaka nikatapishwe na madawa. Sitaki kuongezewa damu, sitaki mashini za kupumua. Sitaki kufia mu koridoo. Munipatie dawa ya maumivu, nikae kwangu. Na nikifa munizike hapa Goma, musinibebe mu boti sawa muzigo."

"Na siku utakaposhindwa kusema, nani atasema kwa niaba yako?"

Alimwonyesha mke wake kwa kidevu, akimwita kwa jina la binti yao. "Uyu. Mama Joviale."

Nsimire aliona kama ametwishwa jiwe kichwani bila kuulizwa kama shingo inaweza. "Nimesikia," alisema, maana mbele ya watu hakuwa na jibu lingine.

Nyumbani vita ilianza. Nshobole hakurudi Bukavu. Alitandika godoro lake sebuleni, akapiga simu kwa kila mtu wa ukoo, na kila mtu wa ukoo akampigia Nsimire. Wengine walibembeleza. Wengine waliuliza, kwa sauti ya upole mno, kama ameshachoka na mume. Ile mofini ya maji, dawa ya maumivu ambayo Nsimire alimpa mgonjwa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, Nshobole aliiita sumu.

"Unamuona analala muchana mzima," alisema. "Uko unamuua mutoto wa mama yangu polepole."

"Analala kwa sababu haumwi, yaya. Mbele alikuwa analia."

"Mutu anayelia yuko muzima."

Nsimire alitoka uani, akaokota kuni zisizohitaji kuokotwa. Kitu ambacho hakumwambia mtu ni hiki: yeye mwenyewe hakulipenda lile neno la mume wake. Angeachiwa, angembeba mgongoni hadi ng'ambo, angempeleka Kigali, Kampala, popote penye mtu wa kusema "tujaribu." Kila mara alipomjibu Nshobole "Alisema hapana," moyo wake ulikuwa upande wa Nshobole. Alikuwa mlinzi wa mlango ambao angetaka kuuvunja. Kwa hiyo alikuwa mkali kupita kiasi, akijibu watu kabla hawajamaliza kusema.

Siku moja mchana, mvua ikipiga mabati, Cirimwami alijaribu kugeuka kitandani, pumzi ikamkatikia. Midomo ilikuwa myeupe kama ya mtu aliyekula unga. Nshobole alikuwa tayari amefunga kitenge kiunoni.

"Tumupeleke. Sasa."

Nsimire alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili. "Alisema hapana. Ulikuwepo."

"Toka mu njia."

"Yaya, alisema mbele yako."

"Mama Joviale." Sauti ilitoka kitandani, ndogo. "Munipeleke."

Alifikiri mvua imemdanganya. "Wapi?"

"Kwa docta. Aniongezee damu."

Hapo alitegemea kusikia huruma ndani yake, lakini kilichopanda kilikuwa hasira, moto hadi masikioni. Wiki zote zile za kutukanwa. Alikwenda akainama karibu na uso wake. "Ulisema hutaki. Nimegombana na ukoo wako wote kwa ajili ya hilo neno."

"Nilisema." Alipumzika kwanza. "Siku ile nilikuwa nimekaa mu kiti, niko na nguvu. Mutu mwenye nguvu anajua nini? Sasa niko nazama. Nilizani nitaweza. Siwezi."

Kwa mara ya kwanza Nshobole hakuonekana kufurahi kushinda. Alitafuta viatu vya mdogo wake chini ya kitanda, akamvalisha, naye Nsimire akatoka mbio mvuani kutafuta gari.

Hospitalini, vijana wa bandarini waliojifunza kazi kwa Cirimwami walikuja kutoa damu, wamelowa, wakisukumana nani atangulie. Wakati damu ikidondoka kutoka kwenye mfuko, Nsimire alimkuta Daktari Rosine kwenye koridoo akamwambia, kama mtu anayekiri kosa, kwamba wamevunja mpango.

"Hamjavunja kitu," daktari alisema. "Mpango ni wake. Akiugeuza kesho, tutaugeuza naye. Mama, umekuwa unalinda alichosema mwezi uliopita. Leo ulimuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Alikuwa akiogopa jibu, lolote lile.

Damu ilimrudisha Cirimwami kwa muda. Alitoka barazani kwa miguu yake, akala sambaza chache za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, akagombana na redio. Padre alikuja kumpa mpako wa wagonjwa, wakaishia kubishana kuhusu mota ya boti ya parokia. Na kila asubuhi, kabla hajampa dawa, Nsimire alimuuliza: "Leo unataka nini?" Siku nyingine alitaka uji tu. Siku moja alisema anataka kwenda Kigali kwenye ile dawa kali, na Nsimire akaanza kupanga nguo kwenye begi. Jioni yake akasema hapana, ilikuwa hofu inasema. Nsimire akazipangua. Hakukuwa na utulivu katika kuuliza huko. Kulinda neno moja lililokauka kulikuwa rahisi zaidi.

Hata la kuzikwa aliligeuza. "Yaya," alimwambia Nshobole, "kama unataka kunipeleka Kabare, munipeleke. Mi sitakuwa najua. Mupatane na Mama Joviale."

Pumzi ilipoanza kupungua tena, Nsimire alimwita wifi yake aketi kitandani, asikie kwa masikio yake. Akauliza kama wampeleke kwa damu nyingine.

"Hapana," Cirimwami alisema. "Ile ilikuwa tamu. Inatosha."

Nsimire aliuliza tena, polepole, kwa maneno mengine, asije akasingiziwa, na pia kwa sababu alitumaini. Jibu lilikuwa lile lile. Nshobole alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kuanzia siku hiyo ndiye aliyepima mofini, akiinua bomba kwenye mwanga wa dirisha, asizidishe wala asipunguze.

Cirimwami alikufa alasiri moja ya jua, Nshobole ameshika miguu yake. Nsimire hakuwemo chumbani. Alikuwa ametoka, ameshindwa kuendelea kusikiliza zile pumzi, akitembea kutoka ukuta hadi lango, na alipoitwa alijua kabla hajageuka. Kwa muda mrefu baadaye alijilaumu kwa hatua zile chache.

Wanaume wa ukoo walipofika walitaka boti ya kwenda Bukavu. Nsimire alifungua mdomo ili aseme, lakini Nshobole alimtangulia. "Kabare alisema kwa kunihurumia mimi. Goma alisema mwenyewe, mbele ya docta. Atalala hapa." Basi wakachimba, kwa nondo na nyundo, katika ardhi ile ya mawe ya volkano, na ilichukua muda.

Matanga yalipokwisha, Nsimire alimpigia Joviale, binti yao aliyeolewa Kisangani.

"Nataka nikuambie mi ninataka nini siku yangu ikifika," alisema.

"Mama, usiseme hivyo. Tumetoka tu kumuzika papa."

"Sikiliza kwanza. Halafu kesho pengine nitageuza, utasikiliza tena."

Binti alinyamaza. Au mtandao ulikuwa umekatika, hakuweza kujua. Nsimire aliitazama simu, akajifunga vizuri kitenge, akatoka barabarani kutafuta mahali inaposhika.