Chupa ya Pili ya Mawese

Harufu ya maganda ya ndizi yanayoungua haifanani na ya moshi mwingine wowote. Mwanzoni ina utamu kidogo, kisha inakaba koo, na ikishaingia kwenye nywele haitoki upesi. Mwaka niliokuwa darasa la sita, uani kwetu Mbugangari, mtaa ulio jirani na mpaka wa Goma, palinuka hivyo wiki nzima, na majirani walipita wameshika pua. Mama alikuwa mjane na fundi cherehani, mtu asiyetupa kitu. Vipande vya vitambaa vilijaza mito, makopo ya nyanya yaligeuka taa, na maji ya wali yalikuwa dawa ya kukazia kola za wateja. Mimi nilimwonea aibu. Nasema kweli, nilitamani mama anayenunua vitu dukani kama mama wa wenzangu.

Shida ilianza mpaka wa Goma ulipofungwa. Sabuni yetu ya miche ilitoka upande ule, na iliyobaki madukani ikapanda bei hata Mama akaacha kuiulizia. Shule nayo ilidai shati jeupe, na vumbi letu ni jeusi, la mawe ya volkano. Huingia kwenye kola na kukaa humo kama mwenye nyumba. Mkuu wa shule, mama mmoja mrefu mwenye miwani, alikagua kola kila Jumatatu. Alinirudisha nyumbani mara mbili. Mara ya pili aliniambia kwamba nikija tena vile, nisirudi mpaka muhula ujao, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mwisho wa muhula huo huo tuliokuwamo. Nilipomweleza Mama, alisimamisha cherehani katikati ya mshono. "Hautabaki ku nyumba juu ya sabuni," alisema. "Tutaipika sisi wenyewe."

Aliomba maganda kwa wauza ndizi, akayaanika juu ya bati, akayachoma. Majivu aliyatia kwenye kopo kubwa lililotobolewa chini na kutandikwa kitambaa, ili maji yakimiminwa juu yatoke taratibu yakiwa na rangi ya chai. Maji hayo ya majivu ndiyo ya kupikwa pamoja na mawese mpaka vishikane. Mawese tulikuwa nayo chupa mbili, moja ya sabuni, moja ya kupikia hadi mwisho wa mwezi. Hapo nikaleta akili yangu. Nyamyumba, kando ya ziwa, kuna chemchemi za maji moto ambamo watu hukaa kutibu viungo. Niliwaza kwamba maji yaliyokwisha kuchemka yatatuokolea makaa, na yakiwa yanaponya watu, basi yatatoa sabuni kali. Mama alisita, lakini makaa yalikuwa ghali. Jumamosi alfajiri nikashika njia na dumu la lita tano. Nilirudi mabega yakiuma, na maji yalikuwa yamepoa kabla sijafika nusu ya njia.

Tuliyamimina kwenye majivu hivyo hivyo. Mama alichemsha kwanza mawese mpaka wekundu ukafifia, akachanganya, akakoroga. Tulikoroga kwa zamu hadi alasiri. Badala ya kushikana, mchanganyiko ukajikata mabonge kama maziwa yaliyoharibika, mafuta yakielea juu. Chupa nzima ilikuwa imekwenda.

"Lakini maji ile iko na nguvu, Mama," nilisema nikilia. "Inaponesha hata mifupa!"

"Na nani alikuambia sabuni iko na mifupa?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alionja tone la maji yangu ya Nyamyumba, akatema, akasema yana chumvi zinazozuia sabuni kushikana. Mabonge yale aliyaweka kando yawe ya kusugulia sufuria. Kisha akatega beseni chini ya bati, maana mawingu yalikuwa yameshuka, akaingia ndani na kutoka na chupa ya pili.

"Mama, ile ni ya maharage."

"Tutakula maharage hivyo hivyo. We utasoma."

Jumapili asubuhi tulianza upya kwa majivu mapya na maji ya mvua. Kabla ya adhuhuri mwiko ulikuwa mzito mkononi. Sabuni ile haikuganda kamwe. Ilikuwa uji mzito wa kahawia kwenye kopo, lakini ilitoa povu, na kola yangu ikatoka nyeupe. Mama aliiinua juani akacheka peke yake. Jioni mvua ikarudi, na makaa tulikuwa tumeyamaliza kwa kupika mara mbili, kwa hiyo hatukuwa na ya kutia kwenye pasi. Jumatatu nilivaa shati likiwa limelowa.

Mkuu wa shule alishika kola yangu kwa vidole viwili, kisha akayatazama maji yaliyobaki mkononi mwake. "Shati hili limelowa."

"Ndiyo, madamu. Lakini iko safi."

Alifuta vidole kwa leso. "Ingia darasani," akasema.

Mtihani niliufanya, nikafaulu. Leo naishi mtaa ule ule, nina kazi ya ofisini na mashine ya kufulia, na bado vipande vya sabuni vilivyobaki navikusanya kwenye kopo. Binti yangu hunicheka: "Mama, si uko na mushahara?" Ninao, mwanangu, lakini mkono umezoea. Kitu ambacho sijakizoea mpaka leo ni kukumbuka yale maharage. Tuliyala bila mafuta hadi mwezi ukaisha, na mimi, niliyeiharibu chupa ya kwanza, nilithubutu kulalamika kwamba hayashuki. Mama alikula yake akamaliza. Sasa anaishi kwangu, meno yamepungua, na hajawahi hata siku moja kunikumbusha. Kwa hiyo ninapopika maharage natia mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, na sahani ya kwanza ni yake.