Theluji ya Baba Drita

Kwa miaka mingi nimekana kwamba baba yangu alishindwa. Wenzangu shuleni walipouliza kwa nini msomi wa chuo kikuu anazoa theluji kwenye ngazi za jirani, nilijibu kwamba anafanya mazoezi. Leo nakubali: alishindwa, na nilikuwepo.

Mliokulia nasi Frogtown, mtaa wetu wa wahamiaji ughaibuni, miaka ya tisini mnayakumbuka majengo yale: harufu ya samaki wa kukaanga chini, kabichi juu, redio tatu kwa lugha tatu, na sisi watoto tukigombana kwa Kiingereza. Mimi na Drita, Mwalbania wa ghorofa ya juu, tuligombania jambo moja: kwao na kwetu, wapi kuna utenzi mrefu zaidi? Baba zetu walipousikia ugomvi, wakautwaa. Atakayekwama mapema atazoa theluji ya nyumba zote mbili mpaka baridi iishe.

Jumamosi sebule yetu ilijaa. Baba alianza na utenzi wa vita aliofunzwa Tanga, sauti ikipanda, Mama akiitikia jikoni, nami nikijaa fahari. Katikati ya mapigano akakwama. Akakuna kichwa.

"Profesa, petroli imekwisha?" akauliza Baba Drita.

Utenzi wao, alitueleza, ndio utenzi wa taifa. Dola ya Waturuki ilipodhoofika, wakubwa wa Ulaya waliikata ardhi ya Waalbania wakawagawia majirani, na watu wa milimani wakashika bunduki. Baadaye wakomunisti waliupiga marufuku. Kukutwa na kitabu chake kulikuwa kifungo. Yeye aliupokea mdomoni mwa bibi yake.

Akashika mwiko wa Mama kama zeze, akaimba. Aliimba pilau ikaiva, akaimba ikaliwa. Hata Drita hakuielewa lahaja ile, lakini sote tuliwaona farasi wakiteremka.

"Baba Zuhura," Mama akasema, "koleo liko nyuma ya mlango."

Wanangu wakibishana leo, simu huamua kabla chai haijapoa, na hakuna anayeimba wala kuzoa chochote. Nawaonea huruma, nao wananionea mimi.

Mwezi uliopita Drita alinipigia. Alikuwa ameupata utenzi wote mtandaoni, akaanza kumsomea baba yake huku nikisikiliza. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamnyang'anya simu.

"Zuhura, mwambie Profesa nilikwama mapema kuliko yeye. Yaliyobaki nilikuwa natunga. Nani angenisahihisha, na kitabu walikipiga marufuku?" Akavuta pumzi. "Theluji ile ilikuwa yangu."