Kijiko cha Asali Kabla ya Picha

Kwetu Mbumbuni asali haihesabiwi kuwa chakula. Ni dawa; hupewa msafiri, mgonjwa na mama aliyejifungua. Ndiyo maana siku ile sikudhani nimekosea.

Ndugu yangu wa mwisho alianza kutokwa damu puani wakati wa kuvuna ndengu. Baadaye hakusikia harufu yoyote. Maharagwe yaliungua mbele yake asijue. Kinyama kilichotolewa puani hospitalini kupimwa kikaonyesha uvimbe wa nadra, unaoota kwenye neva za kunusa. Daktari alitueleza wazi: ukiwa bado puani, watapasua. Ukiwa umesambaa, kisu hakitaufuata. Picha ya nyuklia ndiyo ingesema.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba nikalea wadogo zangu watatu. Huyu nilimbeba mgongoni. Mpaka leo akitaka kunitania huniita mwaitu, yaani mama.

Hospitali ya Nairobi ilisema asile chochote tangu jioni, maji tu. Alitii. Asubuhi tukiwa kwenye benchi nikaona midomo yake imekauka kwa kupumulia mdomo. Nikatoa asali ya mjomba wetu wa Mwingi, nikampa vijiko vitatu.

Muuguzi akaja. "Amekula?"

"Hajala," nikajibu, na kwangu huo ulikuwa ukweli.

Akamchoma kidole, akatazama kipimo, kisha akanitazama mimi. "Dada, sukari imepanda. Amekunywa chai?"

"Ni mwaitu huyu," ndugu yangu akasema. "Amenipa asali. Lakini sikusikia hata harufu yake, kwa hivyo haihesabiwi."

Muuguzi hakucheka. Aliketi kando yangu akanieleza kwamba wanadunga sukari yenye mionzi, na uvimbe, kwa ulafi wake, huinyakua ukang'aa. Damu ikiwa tayari imejaa sukari nyingine, uvimbe hujificha.

"Picha ingetoka safi," akasema. "Mngerudi nyumbani mkimshukuru Mungu, na ugonjwa uko."

Sukari ile ya mionzi ilitengenezwa asubuhi hiyo na ilikuwa ikipoteza nguvu kila saa. Haingengoja kesho. Akawekwa wa mwisho kwenye foleni. Alikunywa maji, mimi nikaizika chupa chini kabisa ya mkoba. Nilishindwa hata kuomba. Alasiri wakamchoma kidole tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Akadungwa, akaingia chumba cha picha.

Majibu yalipokuwa tayari, daktari alituonyesha kwenye kompyuta. Kichwa kizima kiliwaka, nikauliza kama umeenea kote.

"Huo ni ubongo, mama. Ubongo hula sukari siku zote." Kisha akaweka kidole juu kidogo ya pua, penye nuru kali kama kaa la moto. Shingo ilikuwa giza. Mapafu giza. Mifupa giza. "Uko hapa tu. Tutapasua. Lakini harufu haitarudi."

Nje, ndugu yangu alinyoosha mkono. "Mwaitu, sasa nipe ile asali."

Nikamfungulia chupa. Kabla ya kuonja, aliipeleka puani kwanza, kwa mazoea.