Bakuli la Jirani

Kwetu Ukambani chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikirudisha hivyo utaitwa mchoyo, na mama yako atasemwa pamoja nawe. Ndiyo maana bakuli ambalo jirani yangu aliniletea na pilau ya Idi lilikaa jikoni kwangu Mlolongo, likingoja maembe ya mama yaive kule Kathiani. Kitu cha dukani sikutaka kumtilia. Mtu aliyenilelea mwanangu miaka yote nilipokuwa kazini Nairobi hawekewi biskuti.

Kabla maembe hayajaiva, akahama. Vumbi la machimbo lilikuwa limemharibia mumewe kifua, na kodi ilikuwa imepanda tena. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ndivyo ilivyo: wanaofukuzwa na kodi za Nairobi wanaingia, na tuliowatangulia tunasukumwa mbele. Kila mwisho wa mwezi pikapu inasimama langoni, inapakiwa magodoro. Nilidhani nimezoea. Asubuhi aliyohama nilimkimbilia na bakuli tupu hivyo hivyo, aibu nikaiweka kando. Akalisukuma.

"Aa, kaa nayo. Utaniletea huko Joska ninakohamia. Ndiyo uje unione."

Wahenga walituambia jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Jirani mwenyewe akihamia mbali tufanyeje, hapo walinyamaza.

Maembe yalipokuja nilichagua makubwa, nikayajaza bakulini, nikafunga safari ya Joska. Simu yake ilikuwa haipatikani, lakini nyumba alikuwa amenielekeza. Mlango ulifunguliwa na mama kijana nisiyemjua. Akaniambia yule ninayemtafuta ameshahama, labda Kangundo, labda mbele zaidi. Hata mwenye nyumba hajui.

Nikageuka.

"Sasa hiyo maembe unarudisha wapi?" akaniuliza. "Mimi nimehamia hapa juzi, sijui mtu. Si uingie tu."

Nikaingia. Akanipikia chai, akala embe amesimama kwenye sinki, akicheka huku maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Aliniuliza watoto wangu ni wangapi, kwetu ni wapi, nitarudi lini. Alikuwa mtu mwema, na alihitaji jirani. Nilimjibu yote vizuri, nikamaliza chai yake, na moyo wangu wote ulikuwa unamlilia yule mwingine.